Bwana Arthur Berson na Hewa Isiyotulia

Jina la Bwana Arthur Berson halitajwi mara nyingi katika vijiji vyetu vya Gorong'a, wala katika Tarime nzima. Lakini katika elimu ya hali ya hewa yeye ni mtu mashuhuri, na upepo mmoja wa dunia hii unaitwa kwa jina lake. Nasi tunayo sababu ya kumjua kuliko watu wengi. Mwaka wa 1908 alifika katika Ziwa Viktoria, ambamo maji ya Mto Mara wetu humiminika, naye alikuja si kutafuta dhahabu wala pembe za ndovu, bali kupima hewa iliyo juu ya ziwa. Aliyoyaona huko juu yalikuwa kinyume cha yale ambayo mtu angeyategemea katika nchi ya joto.

Alizaliwa tarehe 6 Agosti 1859 katika mji wa Neu Sandez, nchi ya Galicia. Wakati ule Galicia ilikuwa chini ya Kaisari wa Austria. Leo mji huo uko Poland, nao huitwa Nowy Sącz. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Vienna, na masomo yake ya kwanza yalikuwa ya lugha, si ya hewa. (Wanafunzi wanaosema kwamba aliyeanza na masomo ya lugha hawezi kamwe kugusa sayansi na waisome habari hii mara mbili.) Baadaye akahamia Berlin, Ujerumani, akajifunza elimu ya hali ya hewa, akawa msaidizi wa Profesa Richard Assmann.

Profesa huyu alikuwa na tatizo moja lililomkosesha usingizi, nalo ni tatizo la kipimajoto. Tangu zamani watu walikuwa wamepanda na baluni ili kupima baridi ya juu. Mwaka wa 1862 Mwingereza James Glaisher alipanda juu sana, hata akazimia ndani ya kikapu, na mwenzake Coxwell ndiye aliyewaokoa kwa kuvuta kamba ya kutoa hewa. Vipimo vya Glaisher vilisomwa katika vyuo vyote. Lakini Assmann aliona kasoro. Baluni huchukuliwa na upepo, inakwenda kwa mwendo uleule wa upepo, basi ndani ya kikapu hakuna upepo hata kidogo. Kipimajoto kikikaa hapo katika jua kali hupata joto la jua, kisha kinatangaza joto lake chenyewe, si joto la hewa. Assmann akatengeneza kipimajoto kilichofichwa ndani ya bomba la kung'aa, chenye pangaboi dogo la kuvuta hewa ipite juu yake.

Huenda msomaji atasema, nyuzi mbili tatu zina nini? Hapa inafaa tusimame kidogo, maana bila kulielewa jambo hili, maisha ya Bwana Berson yataonekana kama maisha ya mtu aliyependa hatari tu.

Hewa ikipanda hupanuka, na ikipanuka hupoa. Hewa kavu hupoa karibu nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 inazopanda. Sheria hii haibadiliki, ni sawa hapa na sawa Ulaya. Lakini hewa inayolizunguka lile fungu linalopanda haifuati sheria hiyo. Kila siku ina mpangilio wake. Tuseme leo mchana joto la chini ni nyuzi 28, na hewa iliyotulia angani hupungua joto nyuzi 7 kwa kila mita 1,000. Basi katika mita 1,000 juu yetu hewa ina nyuzi 21. Fungu la hewa kavu likisukumwa kutoka chini hadi pale litafika likiwa na nyuzi 18. Ni la baridi kuliko majirani zake, kwa hiyo ni zito, nalo litarudi chini lilikotoka. Hiyo ndiyo hewa tulivu. Ukiisukuma, hurudi mahali pake, kama mawe ya mafiga yaliyozikwa vizuri.

Sasa tia mvuke. Fungu la hewa lenye unyevu likipoa vya kutosha, mvuke wake hugeuka matone ya wingu, na mvuke unapogeuka maji hutoa joto. Ni joto lilelile ambalo jua lilitumia kuyakausha maji ya ziwa. Kwa sababu hiyo hewa yenye wingu haipoi nyuzi 10, bali kama nyuzi 5 tu kwa mita 1,000, hasa katika nchi za joto kama yetu. Tuseme wingu limeanza mahali ambapo fungu na majirani zake wote wana nyuzi 18. Mita 1,000 juu zaidi, fungu lina nyuzi 13, lakini majirani, wanaopungua kwa nyuzi 7, wana 11. Sasa fungu ni la joto na ni jepesi. Halirudi tena, linapanda, na kadiri linavyopanda ndivyo linavyozidi kuwa jepesi kuliko majirani zake. Hiyo ndiyo hewa isiyotulia, mama wa radi na mvua ya mawe. Angalieni kwamba anga ni lileile moja. Kwa hewa kavu ni tulivu, kwa hewa yenye wingu si tulivu.

Na sasa nyuzi zile mbili tatu. Kama kipimajoto cha juu, kwa kudanganywa na jua, kingesema 14 badala ya 11, mtaalamu angeandika kwamba anga limetulia na siku itakuwa njema. Watu wangetoka na mitumbwi. Kosa la nyuzi 3 lingetosha kugeuza jibu lote.

Kwa hiyo Assmann alihitaji mtu wa kukipeleka kipimajoto chake juu, tena juu sana, na kukisoma kwa macho. Mtu huyo alikuwa Berson. Kaisari Wilhelm II alitoa fedha, na baluni kubwa iitwayo Humboldt ikapaa mwaka wa 1893. Mwaka uleule, baada ya kutua, hewa ya haidrojeni iliyokuwa ndani yake ikashika moto na baluni ikateketea. Haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa zote lakini ni mbaya kama petroli. Badala yake ikaundwa nyingine, nayo ikapewa jina la Phönix, yule ndege wa hadithi anayefufuka katika majivu yake.

Tarehe 4 Desemba 1894 Berson alipanda peke yake na Phönix kutoka Stassfurt. Alikuwa na umri wa miaka 35. Alipita kimo cha Kilimanjaro, akaendelea, akivuta hewa ya oksijeni kwa mpira kutoka katika mtungi, akifungua mifuko ya mchanga mmoja baada ya mwingine ili kikapu kiwe chepesi. Alifika mita 9,155, na kipimajoto kikaonyesha karibu nyuzi 48 chini ya sifuri. Mtu aliyekuwa peke yake, kwenye baridi kama ile, aliweza kusoma vipimo na kuviandika kwa mkono wake. Kwangu mimi safari hii ni kubwa kuliko ile ya pili iliyompa sifa zaidi, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwamsha.

Miaka iliyofuata alipanda mara nyingi. Mwaka wa 1898 alipanda hata kutoka London. Mwaka wa 1899 na 1900 yeye na Assmann walitoa vitabu vitatu vikubwa vya safari hizo, na ikadhihirika kwamba anga la juu ni la baridi kuliko Glaisher alivyodhani.

Safari iliyompa sifa ilikuwa ya tarehe 31 Julai 1901. Berson na mwenzake, Bwana Reinhard Süring, waliondoka katika uwanja wa Tempelhof, Berlin, ndani ya baluni iitwayo Preussen, ambayo ingeweza kubeba mita za ujazo 8,400 za hewa. Kikapu kilikuwa wazi. Hawakuwa na vifuniko vya uso vya kupumulia kama marubani wa baadaye. Kila mmoja alishika mpira wa oksijeni mdomoni, na mpira ukianguka, basi. Walipokuwa juu ya mita 10,000 waliweza bado kusoma, lakini usingizi uliwashika kwa nguvu, kila mmoja akimtikisa mwenzake. Kisha Süring akazimia. Berson, akiona hivyo, alijikokota akavuta kamba ya valvu ili baluni ianze kushuka, naye akaanguka hapo hapo. Kwa hesabu iliyofanywa baadaye, walifika mita 10,800. Baluni ilishuka peke yake ikiwa na watu wawili wasiojitambua, na walipozinduka walikuwa wameshuka maelfu ya mita. Wakatua salama karibu na mji wa Cottbus.

Safari ile ilizaa tunda lisilotazamiwa. Assmann alikuwa akirusha pia baluni ndogo za mpira zisizo na mtu, zikibeba kalamu inayochora joto juu ya silinda inayozunguka. Baluni hizo zilikuwa zikileta habari ya ajabu, kwamba kupita mita kama 11,000 juu ya Ulaya baridi haizidi tena, bali joto husimama au hata kuongezeka kidogo. Nani angeamini? Ilikuwa rahisi kusema kwamba kalamu imedanganywa na jua. Sasa lakini palikuwa na vipimo vilivyosomwa na macho ya watu karibu na kimo hicho, vikalinganishwa na vya kalamu. Mwaka wa 1902 Assmann katika Ujerumani na Bwana Léon Teisserenc de Bort katika Ufaransa, kila mmoja kwa njia yake na karibu siku zilezile, wakatangaza tabaka jipya la anga. Leo tunaliita stratosfia. Ni kifuniko cha dunia. Hewa ikipanda ikakifikia hukuta majirani wa joto kuliko yenyewe, nayo haiwezi kuendelea. Ndiyo sababu wingu kubwa la radi, likifika juu kabisa, hutandazika na kuwa bapa kama fuawe la mhunzi.

Sasa tufike kwetu. Mwaka wa 1905 Assmann alifungua kituo kikubwa cha kupima hewa huko Lindenberg, na Berson akafanya kazi naye. Swali lililobaki lilikuwa hili: kile kifuniko kiko wapi juu ya ikweta? Mwaka wa 1908 Berson, pamoja na Bwana Hermann Elias, walitumwa Afrika Mashariki. Nchi hii wakati ule ilikuwa koloni la Wajerumani. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia tu, na pale Shirati, mwendo si mrefu kutoka kwetu, palikuwa na boma lao. Reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwaka wa 1901, na meli za moshi zilitembea ziwani. Wageni hawa walifanya kazi yao ziwani, na pia upande wa pwani, Dar es Salaam na baharini.

Walitumia tiara, au vishada kama wengine wanavyoita, vikubwa kuliko mtu, vilivyofungwa kwa waya mwembamba wa chuma, na baluni za mpira za namna mbili. Namna ya kwanza ni ndogo, nazo hufuatwa kwa darubini ili kujua upepo wa juu unaelekea wapi. Namna ya pili hubeba kalamu ya kuandika joto. Baluni hii hupanda mpaka mpira unapasuka, kisha chombo hushuka, nacho lazima kitafutwe. Kisipopatikana, kazi yote ni bure. Kwa hiyo ziwa lilikuwa mahali pema: meli huifuata baluni kwa macho na kuokota chombo majini, ambapo katika pori la Serengeti kingepotea milele. Na hapa nataka kuongeza neno moja. Mizigo ya namna hiyo haiwezi kubebwa na mabwana wawili, wala waya na mashine zake hazijipakii zenyewe. Walikuwako watu wa ziwa na wa pwani waliofanya kazi ile, nao majina yao hayasomwi katika vitabu vya hali ya hewa.

Mambo mawili yaligunduliwa. La kwanza ni baridi. Mtu angefikiri kwamba katika nchi ya joto anga la juu nalo ni la joto. Sivyo. Kifuniko cha anga letu kilionekana kuwa juu sana kuliko cha Ulaya, kiasi cha mita 17,000 au zaidi, na hapo baridi ilipita nyuzi 80 chini ya sifuri. Baridi hiyo ni kali kuliko ile iliyokuwa imepimwa katika kimo hicho Ulaya. Na msomaji aliyefuata mfano wetu wa nyuzi 18 na 13 ataona sababu yake. Kwetu ardhi ina joto na hewa ina mvuke mwingi, basi hewa isiyotulia hupanda mbali zaidi kabla ya kufika kifuniko. Na kadiri inavyopanda ndivyo inavyopoa. Joto letu la chini ndilo linalotengeneza baridi ile ya juu.

La pili ni upepo. Tangu mlima wa Krakatoa ulipolipuka mwaka wa 1883 na vumbi lake kuzunguka dunia kutoka mashariki kwenda magharibi, wataalamu walikuwa wameamini kwamba juu kabisa ya ikweta upepo hutoka mashariki daima. Berson akaona baluni zake, baada ya kupita upepo wa mashariki, zikigeuzwa huko juu na upepo wa magharibi. Habari hii aliiandika na Elias katika ripoti iliyotoka mwaka wa 1910. Miaka 50 ikapita, na upepo wa Krakatoa na upepo wa Berson ukachorwa katika vitabu kama vitu viwili vinavyokaa pamoja, kila mmoja katika ghorofa yake, ingawa maelezo yake hayakuridhisha. Hata mwaka wa 1960 na 1961 Bwana Ebdon wa Uingereza na Bwana Reed wa Marekani, kila mmoja peke yake, wakaona kwamba upepo wa juu ya ikweta hugeuka. Mashariki, kisha magharibi, kisha mashariki tena, duru moja ikichukua kama miezi 28. Krakatoa ilisema kweli, na Berson alisema kweli; walipita katika zamu tofauti. Tangu vipimo vianze, zamu hizo zimefuatana kwa utaratibu wa ajabu, ila mwaka wa 1 wa vurugu uliwashangaza wote, yaani 2016, na vurugu nyingine ikafuata karibu na 2020.

Kwetu sisi wa Gorong'a habari ya joto ndiyo iliyo karibu zaidi. Mzazi yeyote anayeamka alfajiri mwezi wa Julai ameona moshi wa jikoni ukipanda kidogo, kisha ukilala bapa juu ya bonde la Mara kama shuka iliyotandikwa. Usiku ardhi imepoa, hewa ya chini imekuwa baridi kuliko ya juu, na hapo hakuna utulivu uupitao huo. Jua likipanda, ardhi hupata joto, shuka huvunjika, moshi hupaa. Mchana upepo mwanana hutoka ziwani ukielekea nchi kavu, umejaa mvuke, nao hukutana na upepo wa mashariki juu ya miinuko ya Tarime. Pepo mbili zikikutana hazina pa kwenda ila juu. Hizo ndizo nguvu zinazolisukuma lile fungu la hewa mpaka wingu linaanza, na baada ya hapo halihitaji kusukumwa. Saa tisa au saa kumi alasiri mawingu meupe huwa yamekuwa meusi, na mahindi yaliyokuwa yakitoa mbelewele hupigwa na mawe ya mvua. Kule Kericho, Kenya, ambako ardhi imeinuka zaidi, mvua ya mawe huwatesa wenye chai mwaka hata mwaka.

Usiku mambo hugeuka. Ziwa hubaki na joto, nchi kavu hupoa, upepo hutoka kila pwani kuelekea katikati ya maji, na huko hukutana na kupanda. Ndiyo maana dhoruba za ziwani huwa kali usiku wa manane na alfajiri, saa zilezile ambazo wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao. Mtu wa Shirati au Musoma hahitaji kuambiwa maana yake. Kila pwani ya ziwa ina nyumba zilizomngoja mtu asiyerudi. Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina rada Mwanza, na utabiri wa ziwani hutolewa kwa ajili ya wavuvi. Nayo baluni ya Assmann, iliyoboreshwa kwa kutiwa redio ili chombo kisihitaji tena kuokotwa, hurushwa bado duniani kote, hata Nairobi, kupima zile nyuzi za juu.

Bwana Berson hakufa hewani, ingawa wengi walitazamia hivyo. Alifariki Berlin tarehe 3 Desemba 1942, katikati ya vita, akiwa na umri wa miaka 83. Süring, yule aliyezimia mbele yake katika kikapu, aliishi hadi 1950. Wote wawili walikufa kabla ya kujua kwamba upepo ule ulioonekana juu ya Afrika Mashariki mwaka wa 1908 ulikuwa katika zamu yake tu, na kwamba kama baluni zingerushwa mwaka mmoja kabla au baada, huenda zingeelekea upande mwingine.